Kabati la gobore la babu: dalili za kasoro na vyanzo vyake

Mzee mmoja wa Handeni aliingia karakana kwangu Tanga na kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka. Nilimjua. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemtengenezea kabati la kioo la kuhifadhia gobore la baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kabati lako zuri, kila mgeni analisifu. Lakini bunduki ya marehemu inaota kutu kuliko ilipokuwa darini."

Nikafungua shuka. Alisema kweli. Gobore lile lilikaa miaka na miaka darini juu ya jiko la kuni, kwenye joto kavu na moshi, na mtutu ukabaki na rangi yake ya kahawia iliyokolea. Miezi kumi na minne ndani ya kabati langu la msaji, lenye kitambaa cha sufu ya kijani na kioo kilichobanwa kwa silikoni, ukatoka madoa mekundu kama upele.

Tangu siku hiyo nimeacha kuliona kabati la silaha ya urithi kama fanicha. Ni hewa iliyofungiwa, na hewa hiyo ama inatunza ama inakula. Kasoro nyingi ninazozieleza hapa hazitoki nje. Zinatokana na vitu tulivyoviweka ndani kwa mikono yetu: mbao mbichi, gundi, vanishi, kitambaa.

Kabla hujapima mbao

Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu, na wazee wengi waliliweka likiwa limeshindiliwa tayari kwa ajili ya nguruwe pori wa shambani. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Miaka mia inaweza kupita na bado ikashika moto. Kwa hiyo, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu, na uso wako ukiwa kando, angalia kwanza kama kuna fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, iliyobaki chini ya nyundo. Kisha chukua ufito mnyoofu wa mbao, uingize taratibu mpaka ukome, na utie alama ya penseli sawa na mdomo. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa pale pale mdomoni. Ncha ikifika usawa wa tundu la moto, pale moto unapoingilia kwenye baruti, mtutu ni mtupu. Ikiishia sentimita tano au kumi kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Usikichokonoe, wala usimwachie fundi seremala akichokonoe. Hiyo ni kazi ya polisi au fundi wa silaha mwenye leseni. Pembe ya baruti iliyorithiwa pamoja na gobore nayo ikaguliwe. Nimewahi kuletewa moja iliyojaa nusu, mtoto wa nyumbani akiichezea kama filimbi.

Jambo la pili ni karatasi. Kwa Tanzania, silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore la babu nalo ni silaha. Kibali cha marehemu hakirithiwi kama shamba. Mrithi aombe chake polisi, na aulize papo hapo masharti ya kuiweka. Mimi sianzi kukata mbao kabla ya kuona kibali.

Dalili: kutu kwenye mtutu na mtambo wa kufyatulia

Usikimbilie msasa. Angalia kwanza kutu imekaa wapi, kwa sababu mahali ilipo panakuambia ilikotoka.

Kutu iliyotapakaa sawasawa, nyembamba kama vumbi, ni ya unyevu wa hewa. Kutu yenye umbo la vidole au kiganja ni jasho la mtu aliyeishika mara ya mwisho. Ikiwa pale tu mtutu unapogusa vishikio, kosa ni la kilichovishwa kwenye vishikio. Ikizidi upande unaotazama ukuta, ukuta una maji. Na ikiwa nzito karibu na kona zilizobanwa kwa gundi au silikoni, kuna mvuke wa asidi.

Nianze na hewa, maana kwetu pwani ndiyo mkosaji mkubwa. Tanga, Mombasa, Unguja, Lindi, unyevu wa hewa hucheza kwenye asilimia 75 hadi 85 kwa sehemu kubwa ya mwaka, tena hewa yenyewe ina chumvi. Chuma hutaka chini ya 50. Ila mbao ya kitako haitaki ukavu wa kupindukia, itapasuka. Ndiyo maana mimi hulenga kati ya 45 na 50, mahali ambapo chuma na mti vyote vinavumilia.

Nunua kipima unyevu kidogo, lakini usikiamini hivi hivi. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, itone maji kidogo iwe kama uji mzito, iingize pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, na uache kwa muda wa saa kumi na mbili. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, ujue kinapunguza sita. Andika hiyo sita nyuma yake kwa kalamu.

Kinachofuata ni zile chembe za silika za kunyonya unyevu. Watu hutupa ndani vifuko viwili vilivyotoka kwenye boksi la viatu, kisha wanashangaa. Kanuni inayotumika kwenye makumbusho ni kiasi cha kilo 20 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kabati la mzee wangu lina urefu wa sentimita 160, kimo 45 na kina 15, yaani ujazo wa mita 0.108. Linahitaji kilo mbili na kidogo! Hizo hazitoshei pembeni, kwa hiyo kabati lijengwe na droo nyembamba chini yake, yenye matundu yanayopitisha hewa kwenda juu. Droo hiyo ifunguke kwa nje, ili ubadilishe chembe bila kugusa bunduki. Chembe zilizoshiba hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, saa mbili au tatu. Chagua za rangi ya chungwa. Zile za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu. Kipimo kikishuka chini ya 45, punguza chembe.

Ukuta nao. Nyumba za zamani za mwambao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe yana chumvi inayovuta maji hata wakati wa kiangazi. Ukilibandika kabati moja kwa moja, mgongo wake unakunywa. Litundike kwa mbao mbili zilizokatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, moja ukutani na moja mgongoni mwa kabati, ziumane, na chini weka kipande cha kusawazisha. Uache nafasi ya sentimita mbili au tatu hewa ipite.

Vishikio: usivivishe ngozi. Ngozi ina asidi na chumvi za kiwandani, na ndiyo inayoacha ule mstari mwekundu chini ya mtutu. Sufu ya kijani, ingawa inapendeza, hutoa salfa inayofanya fedha iwe nyeusi, na magobore mengi ya pwani yana pete au nakshi za fedha. Mimi natumia marekani tu, pamba isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara mbili kwa maji ya moto bila dawa ya kulainisha. Kuna mantiki ya kihistoria hapo pia: kitambaa hicho kilipata jina lake kwa sababu kililetwa Unguja na merikebu za Marekani, nyingi zikitoka Salem, katika karne ya 19, zama zile zile ambazo bunduki za namna hii zilikuwa zikishushwa bandarini hapo.

Kutu iliyokwisha kuota unaiondoaje? Kwa mafuta mepesi ya mashine na kitambaa laini, ukisugua taratibu, siku baada ya siku. Baadaye paka nta nyembamba kwenye chuma, na mafuta yasifike kwenye kitako kwa kuwa hulainisha mbao na kuifanya nyeusi. Msasa na waya wa chuma viweke mbali kabisa. Rangi ya kahawia ya mtutu wa zamani mara nyingi ni ya kiwandani, ni kutu iliyooteshwa makusudi ili ilinde chuma. Na kuna alama ndogo ambazo ukizisugua umeifuta historia ya familia: taji na neno TOWER la Uingereza, au herufi ELG ndani ya duara la yai, ambayo ni muhuri wa ukaguzi wa Liège, Ubelgiji. Kijana mmoja aliniletea gobore lililong'aa kama kijiko. Alilisugua wiki nzima ili amfurahishe baba yake, na kilichobaki cha muhuri ni mkia wa herufi moja. Niliumia kuliko nilivyoweza kumwambia.

Dalili: unga mweupe kwenye risasi, ukijani kwenye shaba

Familia nyingi hupenda kupanga kando ya gobore zile risasi za duara au marisau. Baada ya miezi michache zinaota unga mweupe. Huo si ukungu wa kufuta na kusahau. Ni madini ya risasi yanaliwa na asidi ya siki, na unga wenyewe ni sumu. Vaa glavu, nawa mikono, watoto wakae mbali.

Asidi inatoka wapi? Mbao zenyewe hupumua. Mkaratusi na mwaloni wa Ulaya ni wabaya zaidi. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, na plaiwudi ya bei rahisi hutoa mvuke wa gundi zake. Silikoni ya kubania vioo, ile inayonuka siki ukiifungua, inanuka siki kwa sababu ni siki kweli. Dukani omba ile isiyo na harufu ya siki, ya aina isiyo na asidi. Vanishi ya mafuta nayo huendelea kutoa mvuke muda mrefu baada ya kukauka kwa kidole. Kabati likimalizika, liache wazi wiki nne, ikiwezekana sita, kabla ya kuingiza chochote. Mteja atalalamika. Mwambie ukweli, atasubiri.

Mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum, London, alieleza jaribio ambalo makumbusho mengi bado yanalitumia: unafungia kipande cha mbao au kitambaa kwenye chombo cha kioo pamoja na vipande safi vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, kisha unakiweka kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Kinachochafuka kinakuambia nini hakifai. Sisi hatuna maabara, lakini chupa ya jamu yenye kifuniko kinachobana ipo. Weka kipande cha mbao yako, kipande cha kitambaa, msumari uliosafishwa na waya wa shaba uliong'arishwa, na pamba yenye matone ya maji kwenye kizibo kidogo. Andaa chupa ya pili yenye msumari, waya na maji peke yake. Ziache juu ya friji mwezi mzima, kisha linganisha. Nililifanya hili kwa sufu ya kijani na silikoni ya kabati la mzee. Waya uligeuka kijani kabla ya wiki ya pili kuisha, wakati wa chupa ya pili ulikuwa umefifia kidogo tu.

Kama kabati limeshajengwa kwa mbao yenye kasoro, si lazima kulivunja. Vua kitambaa, tandika karatasi ya aluminiamu ndani kote, viungo uvizibe kwa utepe wa aluminiamu, kisha rudisha marekani juu yake. Haionekani, na inazuia mvuke mwingi. Kabati la mzee tuliliponya hivyo, pamoja na kubadili silikoni.

Dalili: ukungu wa maji ndani ya kioo

Ukionekana asubuhi na kutoweka mchana, mbao zako zilikuwa mbichi, au kabati linapigwa na jua. Jua likipasha mbao, mbao inatema maji; usiku kioo kikipoa, maji yanakigandia. Taa za LED zilizobandikwa ndani hufanya vivyo hivyo kila zinapowashwa na kuzimwa, kwa hiyo taa ziwe nje ya kioo. Chumba chenye kiyoyozi kinachozimwa usiku nacho ni tatizo. Hakuna dawa ya kupaka hapa. Hamisha kabati au kausha mbao.

Dalili: mgongo umepasuka, mlango umekwama

Mbao husinyaa na kuvimba kwa upana wake, si kwa urefu. Iliyokaushwa kwa hewa hapa pwani hubaki na maji kama asilimia 14 hadi 16. Ipeleke Dodoma wakati wa kiangazi, au kwenye ofisi yenye kiyoyozi kutwa, itashuka hadi 10 au chini. Ubao mpana ulioupigilia skrubu pande zote hauna pa kwenda, kwa hiyo unapasuka katikati, na mlio wake usiku watu huudhania mwizi.

Kosa liko kwenye ujenzi. Ubao wa mgongo uelee ndani ya mfereji wa fremu, bila gundi, ukiachiwa milimita tatu kila upande. Kama lazima upigwe skrubu, matundu yawe marefu kama yai ili skrubu itembee. Ufa uliokwisha tokea usiuzibe kwa gundi na vumbi la mbao mpaka umeufungua ubao na kuupa uhuru wake, vinginevyo utapasuka pembeni ya pale pale.

Kuhusu aina ya mti, kwangu mninga ndio wa kwanza. Hausinyai sana, unakatika kwa utii, na rangi yake inapatana na kitako cha zamani. Mkangazi pia ni mzuri. Mvule ni imara, ila ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa. Patasi ikimeguka meno ghafla, usimlaumu aliyeinoa. Mpingo weka kwa urembo tu, vipande vyembamba, na toboa kwa keekee kabla ya kila skrubu.

Dalili: viungo vya msaji vinaachia, vanishi inabaki inanata

Msaji wetu wa Longuza, kule Muheza, una mafuta ya asili. Ndiyo yanayoukinga na mchwa, na ndiyo yanayokataa gundi. Piga randa upya sehemu ya kuunganishia, ifute kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, tia gundi ndani ya saa hiyo hiyo, bana kwa jiliwa usiku kucha. Ukiiacha mpaka kesho mafuta yanakuwa yamerudi juu. Vanishi isiyokauka ina chanzo hicho hicho. Ikwangue yote, futa kwa spiriti, anza na koti jembamba la shelaki, kisha endelea.

Madoa meusi yanayozunguka skrubu kwenye mvule au mkongo ni chuma kinachokutana na tanini ya mti penye unyevu. Badilisha ziwe za shaba.

Dalili: kitako cha bunduki kinaota ufa

Mara nyingi ufa huanzia pale kitako kinapokuwa chembamba, nyuma ya mtambo. Tazama vishikio. Gobore lina uzito wa kilo nne hivi, na ukilibeba kwa mdomo wa mtutu na ncha ya kitako peke yake, uzito wote wa mtambo unaning'inia katikati. Vishikio viwili viwe karibu na mizani yake. Lilaze gobore juu ya kidole mpaka litulie bila kuinama upande wowote, kisha weka kishikio kimoja takribani robo ya urefu kila upande wa hapo, kimoja kikibeba sehemu ya mbao chini ya mtutu na kingine nyuma ya mtambo. Vishikio viwe vipana kama sentimita tatu, vyenye kina cha kulishika bila kulibana. Ufa usiugundishe mwenyewe kama una thamani kwa ukoo. Tuliza unyevu kwanza. Nyufa nyingine hujifunga zenyewe ndani ya miezi michache.

Dalili: unga laini chini ya kabati

Mbao imebunguliwa. Wadudu hawa hupenda ule weupe wa nje ya mti, wenye wanga, na mninga una weupe mwingi ambao wauzaji huuacha ili ubao uonekane mpana. Ukate wote siku ya kwanza. Ikiwa wamekwisha ingia kwenye kipande kidogo, kifunge ndani ya plastiki na ukiweke wiki mbili kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri. Dawa ya kupulizia ndani ya kabati lenye silaha usitumie. Utakuwa umeongeza mvuke mwingine.

Kisha geukia bunduki yenyewe. Kama vitundu viko kwenye kitako, kabati ndilo lililoambukizwa na mgeni wake.

Dalili: mlango umeinama, kioo kinatetemeka

Hesabu uzito. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Mlango wa mita 1.5 kwa 0.4 wenye kioo cha milimita 5 unabeba kilo 7.5 za kioo peke yake, kabla ya fremu. Bawaba mbili ndogo za kabati la vyombo haziwezi. Mlango ufunguke kwenda juu au chini kwa bawaba ndefu ya piano inayokwenda urefu wote, na viungo vya fremu viwe vya ulimi na tundu, si misumari. Chagua kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, kwa sababu kikivunjwa hubaki mahali pake, na kitasa kiwe cha ufunguo. Kioo kinachotetemeka hakijalazwa kwenye kitu laini. Kipande chembamba cha marekani ndani ya mfereji kinatosha.

Mzee wa Handeni nilimpa pia daftari dogo, limefungwa kwa uzi ndani ya droo ya silika. Kila Jumamosi mjukuu wake anasoma kipimo na kuandika namba, na chini yake tarehe ya mwisho chembe zilipoingia oveni. Mara ya mwisho nilipopita kwake namba zilikuwa 47, 46, 48, 47, na mtutu ulikuwa wa kahawia mtupu.